Safu ya Sababu

Ilianza Jumapili ya pili ya mwezi Machi, mwaka 1993, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, nyuma ya kanisa letu la mtaa kule Old Moshi, mahali ambapo wanawake walikuwa wakitua mikungu ya sadaka. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Mwaka ule niliandika kila kitu: nilichokula, nani alikohoa wakati wa sala, mwalimu gani alikuja shuleni na soksi zisizofanana. Nilikuwa kidato cha pili, nina miaka kumi na sita, na aibu yangu ilikuwa ya namna kwamba nikiitwa jina darasani masikio yalishika moto kabla sijasimama. Mwinjilisti Yona alinikuta nimekaa kwenye ngazi na kijitabu changu magotini, akanipa daftari kubwa la jalada gumu. “Ndeshi, wewe huongei,” alisema, “lakini kuandika hujambo. Mwalimu wa Shule ya Jumapili amehamia Arusha. Watoto ni wako kuanzia leo.” Nikafungua. Majina ya watoto yalikuwa upande wa kushoto, vijumba vya Jumapili katikati, na mwisho kabisa safu pana aliyoichora mwenyewe kwa rula, juu yake ameandika Sababu. “Mtoto asipokuja Jumapili mbili, unapanda kwao, unauliza, unaandika hapa. Watoto wanatupotea siku hizi, na sisi kanisani tunakuwa wa mwisho kujua. Na uandike ukweli, mwanangu. Hili ni daftari la nyumba ya Mungu.”

Walikuwa wanapotea kweli. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, biashara zimefunguliwa, na wanaume wa mlimani walikuwa wameshuka kwenda kutafuta: wengine Dar, wengine na malori hadi mpakani. Kwanza walirudi na redio, na marobota ya mitumba, na mabati mapya. Halafu wakaanza kurudi wenyewe, wembamba, wamelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, na baada yao wake zao. Hakuna aliyelitaja jina. Kwenye wasifu wa marehemu ilisomwa malaria, au kifua. Vijana wa sokoni walisema fulani amekanyaga waya. Bibi zetu walisema ugonjwa huo, wakatazama upande mwingine kana kwamba umepita njiani. Watoto ndio waliobaki nyumbani kuchota maji na kugeuza wagonjwa, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuuliza kwa nini hawakuja kuimba.

Nayarudia haya kwa sababu ya Desemba iliyopita. Watu walikuwa wamepanda kutoka mijini kama kila Krismasi, magari yamejaa hadi uwanja wa shule, na baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Kwetu ndivyo ilivyo: anayeleta ndizi, maziwa, kuku au parachichi huvileta madhabahuni, na ibada ikiisha vinauzwa palepale kwenye nyasi kwa atakayetaja bei ya juu. Likaletwa beseni dogo la mayai. Mama mmoja aliyevaa kitenge kilichoshonwa vizuri akataja bei ya mbuzi. Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Alipokwenda kuyachukua alipita mbele yangu, akasimama. “Shikamoo mwalimu. Hunijui? Mimi ni Kunda.” Akanishika mikono yote miwili, beseni likiwa chini kati ya miguu yetu. “Huwa nawaambia wanangu, kulikuwa na dada mmoja alikuwa akipanda kwetu wakati watu wote wameacha kuja. Bibi amekufa bado anakutaja.” Nikasema marahaba. Miaka zaidi ya thelathini, na neno nililolipata lilikuwa marahaba.

Kunda alikuwa na miaka tisa. Hakuja Jumapili mbili za mwezi wa tano, nikapanda kwao Jumamosi baada ya kukata majani ya ng'ombe, njia ikiteleza kwa masika. Njia ya kuingilia kihamba chao, shamba lao la migomba, ilikuwa na uzio wa masale pande zote mbili, ile mimea ya majani marefu ambayo sisi Wachagga tunapandia mipaka. Jani lake moja likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, mtu huyo hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Kila mtoto wa mlimani anajua hilo. Siku ile nilipita katikati ya masale yale nikiwaza tu nitasema nini nikifika. Sebuleni kulikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya mwaka uliopita, na picha ya harusi ambayo ndani yake Baba Kunda alikuwa mnene bado. Yeye alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla, chini ya migomba ya nyuma. Mama Kunda alikaa dirishani kwenye cherehani, amezungukwa na vitambaa vyeupe. Alikuwa anashona majoho ya watoto, meupe yenye kola ya bluu, kwa ajili ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ile Jumapili ya mwisho wa Septemba ambayo watoto wenyewe wanaongoza ibada. “Shikamoo mama,” nikasema. “Marahaba. Kumbe unaongea!” Akacheka. “Kunda ameniambia mwalimu wao mpya anaongea na chaki.” Alikuwa bado mzuri. Mikono tu ndiyo ilikuwa imeanza kuonekana mirefu kuliko ilivyopaswa.

Bibi yake Kunda, mama mkwe wa Mama Kunda, alileta mtori, supu nzito ya ndizi, kwenye bakuli la enameli na chai kwenye kikombe cha bluu. Nikalishika bakuli, nikaliangalia. Nadhani niliangalia muda mrefu kuliko nilivyofikiri, kwa sababu Mama Kunda alisema bila kuinua macho kwenye mshono, “Kula, mwanangu. Kapika bibi. Mimi sijashika hata mwiko.” Nikala. Kijitabu changu cha siku ile ninacho mpaka leo, karatasi zimegeuka rangi ya chai: Leo nimekula mtori kwa akina Kunda. Nimesema haja ndogo, nikaenda nyuma na kikombe nikakisuuza kabla ya kunywa. Bibi ameniona. Nikisoma mistari hiyo sasa, kinachonichoma si kikombe. Ni kwamba Jumamosi iliyofuata bibi alinipa kikombe kingine, kipya, na kuanzia hapo kikawa changu peke yangu, kimetundikwa kwenye msumari wake. Nilidhani ni heshima ya mwalimu.

Nilizoea kwenda. Nyumbani kwetu nilikuwa yule mtoto anayeambiwa aseme kitu wageni wasidhani ni bubu, lakini pale hakuna aliyenidai maneno. Nilimpelekea Kunda picha nilizochora za kupaka rangi, safina na wanyama wake, nikamfundisha zaburi fupi ambayo Mwinjilisti alikuwa amempangia kuisoma sikukuu ikifika. Yeye alisoma, cherehani likikimbia na kusimama, mama yake akimwongoza mwendo kwa kutikisa mguu. Mwezi wa saba, Kunda akiwa ametumwa maji, Mama Kunda alisimamisha gurudumu kwa kiganja na kusema, “Nimepimwa mjini. Ninao.” Akangoja. Mimi nikatazama kola za bluu. “Bibi anajua ni kifua. Nimekwambia wewe kwa sababu nimechoka kujua peke yangu. Na kwa sababu wewe huongei.” Halafu akasema kile alichokuwa anakitaka, na hakikuwa kikubwa. “Nataka Mikaeli na Watoto inikute. Nikae benchi la mbele kama mama mwingine yeyote, Kunda asome, watu waulizane yule mtoto ni wa nani. Basi. Baada ya hapo waseme watakavyo.”

Agosti Mama Kunda akazidiwa, Kunda akakosa Jumapili mbili. Sasa ngoja niseme jinsi nilivyofanya, maana nimejitetea humu kichwani miaka mingi na utetezi wenyewe umechakaa. Alasiri ya Jumatatu, mezani kwetu, nilifungua daftari la kanisa. Kwenye safu ile nilikuwa nimeshaandika mengi: amekwenda kwa shangazi Kwa Sadala, hana viatu, anachunga mdogo wake. Nikafika jina la Kunda. Ningeweza kuandika mama anaumwa. Herufi zilikuwa chache hata. Lakini mimi nilikuwa mtoto aliyefundishwa kwamba kuficha ni kusema uongo, na nilikuwa nimezoea karatasi kuwa mahali pekee ninaposema. Kijitabu changu kilikuwa kimenitunzia kila kitu bila kuniumbua, nami nikadhani karatasi zote ni za namna hiyo. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: Mama yake ana ukimwi, ameniambia mwenyewe. Tumwombee. Nikapuliza wino ukauke. Kwenye kijitabu usiku huo kuna mstari mmoja tu: Nimeandika ukweli.

Mwinjilisti Yona aliniheshimu. Alifanya hasa nilichomwomba. Jumapili ya kwanza ya Septemba, kwenye sala ya kanisa zima, baada ya kuombea mvua na wasafiri na wanafunzi wa darasa la saba, alishusha sauti ikawa ya huruma kabisa: “Bwana, tunamweka mikononi mwako dada yetu, Mama Kunda, aliyepatwa na gonjwa hili la ukimwi. Uwalinde na watoto wetu.” Kanisa likatoa sauti moja ndogo, kama mtu aliyegusa kitu cha moto. Mama Kunda hakuwepo, alikuwa kitandani. Bibi alikuwepo, upande wa wanawake, kitambaa cheupe kichwani. Ndivyo alivyojua. Hakutoka nje. Alibaki ameinama hadi amina, akajibu amina pamoja na wengine, na nilimwona akitafuta fimbo yake kwa mkono wakati fimbo ilikuwa imeegemea goti lake.

Wiki hiyo nilikuwa stoo ya kanisa nikipanga viti vidogo, na mama zetu walikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, wanaosha vikombe.

“Na yale majoho?”

“Majoho yapi tena?”

“Si anayashona yeye! Sindano ikimchoma kidole, damu inakwenda wapi?”

“Uwii! Na mimi mwanangu nilishampeleka akapimwa shingo.”

“Yachemshwe basi.”

“Utachemsha joho, shingo nayo utaichemsha?”

Wakacheka, vikombe vikagongana.

“Mayai yake nilinunua mimi mwezi uliopita, pale mnadani.”

“Ukayala?”

“Nikayala yote, shoga yangu, na chumvi.”

“Basi wewe tukuage mapema.”

Wakacheka zaidi. Sikuwachukia, na siwachukii leo. Walikuwa na hofu, na kucheka ndiko walikoweza. Mmoja wao alikuwa mama yangu.

Sikukuu ikamkuta Mama Kunda, kama alivyotaka. Alikuja ameegemea bega la bibi, gauni limepunguzwa pande zote na bado linamning'inia, akaketi benchi la mbele. Benchi lile lilikuwa la watu sita. Walikaa wawili. Majoho ishirini na matatu yalikuwa kwenye kabati la kanisa, yamekunjwa, na watoto wakaingia wakiimba na sare zao za shule. Wazazi walikuwa wameshakwenda kwa Mwinjilisti mmoja mmoja, na Mwinjilisti aliniambia mimi niwaambie watoto kwamba majoho hayajakamilika. Hilo nililisema kwa sauti, mbele ya watoto wote. Kwa uongo ule mdomo ulifunguka. Kunda peke yake alivaa joho, kwa sababu lake lilikuwa limebaki nyumbani na hakuna aliyewaonya. Alisimama katikati ya sare za bluu mpauko akiwa mweupe peke yake, akasoma zaburi bila kukosea hata neno. Mama yake alitikisa mguu. Hakuna aliyeuliza yule mtoto ni wa nani. Wote walijua.

Kisha tukatoka kwenye nyasi. Mnadi wetu alikuwa Mzee Abineri, mzee wa kanisa, ambaye kwa mdomo wake angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe. “Haya, jogoo huyu! Amewika wakati wa mahubiri, ana upako kushinda sisi wote! Nani anampa makazi?” Jogoo akaenda. “Mkungu wa mshare! Baba Elia, mama akikupikia mtori wa huu, njia ya vilabu vya Pasua utaisahau!” Mkungu ukaenda, Baba Elia akilipa huku anazomewa. Maziwa yakaenda, mzigo wa majani ukaenda. Akainua beseni. “Mayai kumi na mawili, ya kienyeji. Nani mia?” Hakuna mkono ulioinuka. “Hamsini?” Akageuka upande wa wanaume. “Jamani, hata hamsini?” Sauti ikatoka nyuma, “Muulize kuku kama amepimwa.” Baadhi wakacheka. Wengine wakatazama viatu vyao. Ndani ya Biblia yangu kulikuwa na noti ya mia, ya kununulia daftari la jiografia. Nilikuwa nimeshaishika kwa vidole. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: mimi. Masikio yakawaka, nami nikaifunga Biblia juu ya noti. Watu huniambia aibu ni tabia ya kuzaliwa. Kwangu siku ile ilikuwa mlango, nami ndiye niliyeubana kutoka ndani.

“Mia mbili.” Mama Kunda alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye bega la Kunda. Mzee Abineri akakosa mzaha. “Mama,” alisema taratibu, “haya si ni mayai yako?”

“Si yangu. Nilishamtolea Mungu. Sasa nayanunua kwake.”

Akalipa, akamkabidhi Kunda beseni, wakaondoka watatu, polepole, kwenye njia ya kupanda, na lile joho jeupe likaonekana kwa muda mrefu kati ya migomba. Mzee Abineri akashika parachichi. Mnada ukaendelea.

Nilizidi kwenda. Huo ndio wema wangu ambao Kunda anawahadithia wanawe: dada aliyeendelea kupanda. Nilipeleka picha, nikanywa chai kwenye kikombe changu cha kwenye msumari. Nilingoja waniulize, na hawakuniuliza, kwa sababu walikuwa wameshapata jibu. “Ni yule nesi wa zahanati,” Mama Kunda aliniambia siku moja, amelala, sauti imekauka. “Yeye ndiye aliyeniandikia barua ya kwenda kupimwa. Nani mwingine? Nilimwambia mtu mmoja tu, na huyo ni wewe.” Akanipapasa mkono. Nikaurekebisha mto wake. Hilo halimo kwenye kijitabu. Ni siku pekee ya mwaka ule ambayo sikuandika kitu.

Alifariki Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, tukamzika Jumamosi kando ya mumewe. Watu walikuja wachache, na wali ulibaki kwenye masufuria. Nesi naye alikuja. Wakati udongo unarudishwa, bibi alimwinulia fimbo mbele ya watu wote na kusema kwa Kichagga kwamba aliyeitoa siri ya mkwe wake asikanyage udongo wa kaburi lake. Yule nesi hakujitetea. Nadhani hakuelewa hata analaumiwa nini. Aliweka ua lake chini palepale aliposimama, akaondoka chini ya mvua, na kabla ya Pasaka alikuwa ameomba uhamisho. Mwinjilisti Yona, kitabu cha ibada mkononi, aliinua macho akanitazama. Nami nikamtazama. Tulikuwa wawili tuliojua. Yeye akafungua ukurasa unaofuata. Na mimi, niandike na hili kwa sababu sijaliandika popote, nilifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi, nilifurahi.

Kesho yake, Jumapili, niliamka kabla ng'ombe hajakamuliwa. Nilikata jani la sale kwenye mpaka wetu, nikalifunga fundo kama nilivyoona wazee wakifunga, nikapanda. Sale hupelekwa na mtu mzima anayejua kusema, si msichana peke yake, lakini nilijiambia jani lenyewe litasema, maana ndiyo kazi yake. Nikafika mwanzo wa uzio wao. Nilimsikia Kunda anafagia, ufagio wa njiti ukikwaruza udongo uliolowa, na bibi akimwita aache, aje anywe uji. Hatua kumi na tano. Ningeweza kunyoosha mkono tu, nisiseme chochote, na bibi kwa mila yake asingekuwa na njia ya kunikataa. Nilisimama hadi ufagio ukanyamaza. Kisha nikalichomeka lile jani kwenye uzio, kati ya majani mengine, fundo likageukia ndani, nikakimbia. Kwenye kona niligeuka kulitazama. Uzio wote ulikuwa masale, yamelowa, yanang'aa, na langu sikulijua ni lipi. Nikashuka kanisani kuita majina.